Neno Nililomtilia Bibi Ng'walu Kinywani

Nalala saa saba na nusu mchana, kwenye benchi la chumba cha wakalimani, tumbo limejaa ugali na hukumu itasomwa saa nane. Niseme wazi tangu mwanzo kwamba sijachoka. Nalala kwa sababu naogopa. Wiki mbili zilizopita Bibi Ng'walu, shahidi pekee wa kesi ya ghala la pamba lililochomwa, aliulizwa kama mtu aliyemwona akikimbia kwenye moshi ni Nkwabi, kijana aliyesimama kizimbani. Bibi akajibu kwa Kisukuma, taratibu, naona kama ni yeye, baba, lakini moshi ulikuwa mwingi. Hakimu wetu anaandika ushahidi kwa Kiingereza, kwa mkono, na hana subira. Kila mkalimani hapa anajua kwamba wazee wetu huweka ‘kama’ na ‘labda’ hata wakitaja majina yao wenyewe, ni adabu tu, basi sisi tunazipogoa. Nimezipogoa miaka kumi na tisa. Nikasimama wima, tai imenyooka, nikasema kwamba bibi ana hakika, nikatumia lile neno la Kiingereza, certain, maana linapendeza mdomoni. Hakimu akaandika. Bibi, maskini, akanishukuru.

Nafumba macho, na ukuta wa nyuma, ambao haujawahi kuwa na mlango, unafunguka mlango. Natoka. Mbele yangu kuna barabara ya changarawe, inakwenda, inajikunja, inarudi, inakwenda tena, na kila nikifika kona naikuta kona ile ile ikinisubiri. Kando yangu anatembea mtu aliyevaa joho jeusi la wakili, na pale uso unapotakiwa kuwa pamelainika kama kiganja. Namuuliza, hii njia inakwenda wapi? Anasema, inakwenda ulipomwacha. Nilimwacha nani? Yule uliyemsemea. Upuuzi mtupu, namwambia, kusemea watu ndiyo kazi yangu. Anaongeza mwendo tu, na mimi namfuata kwa hasira.

Tunafika kwenye mji ulio ukingoni mwa bwawa, na ndani ya maji kuna mji mwingine umekaa kichwa chini, nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu. Huku juu neno langu, hakika, linatamkwa kwa nadra. Nesi anamwambia baba mmoja, mwanao hatapona, nina hakika, kisha anakaa chini kando yake. Mkulima anatazama wingu muda mrefu, anatikisa kichwa, analirudisha neno tumboni bila kulisema. Kule majini watu wale wale wanalipiga kelele, bwana harusi, mlevi, mgombea udiwani, na mimi nimo, na tai yangu, napayuka kuliko wote. Mbona wale wanapiga kelele hivyo? namuuliza yule wa joho. Anasema, ni kitu gani ambacho asiyekuwa nacho ndiye anayekitangaza? Jibu nalijua, lakini simpi raha hiyo.

Barabara inajikunja tena na tunaingia mji mwingine, au ni ule ule umegeuzwa, ambako neno lile lile la Kiingereza, certain, linafanya kazi yake nyingine, maana yake ya pili, fulani, ya kumtaja mtu bila kumtaja, mtu fulani, siku fulani, ghala fulani. Wakazi wote hawana nyuso. Mmoja amekaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, na namjua kwa mikono hiyo, ndivyo anavyoiweka kizimbani. Ni Nkwabi. Baba, ananiuliza, mimi ndiye niliyechoma lile ghala? Nataka kumjibu kitu cha heshima, kitu kilichonyooka. Sijui, nasema. Anageuza kile kisicho uso kunielekea. Sema tena. Sijui, mwanangu, na bibi naye hajui. Basi siku ile ungesema hivyo, anasema, bila kufoka, na afadhali angefoka.

Nakimbia. Barabara inaniingiza mahakamani, kizimbani kabisa, na napaza sauti kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, kwa Kiingereza. Mheshimiwa, bibi alisema naona kama. Alisema moshi ulikuwa mwingi. Lile neno nililitia mimi. Hakimu anaweka kalamu chini. Nkwabi anainua kichwa na uso wake unarudi, macho, pua, mwisho mdomo. Nalia mbele za watu na sioni aibu.

Mzee Lugembe, chai yako inapoa. Ni Bi Restituta wa masijala, ananitikisa bega. Saa ya ukutani inasema saa tisa na robo. Naruka. Hukumu! Anacheka. Hukumu gani tena, mzee? Imesomwa saa nane. Nani ametafsiri? Ananiangalia kana kwamba nina homa. Si wewe mwenyewe? Miaka saba jela, umemweleza pole pole, vizuri kabisa, mpaka yule kijana akainama akakwambia asante baba. Ndipo ukaja kulala.

Koo linaniuma kwa kupiga kelele. Sauti yangu ikikiri naikumbuka, kalamu ya hakimu ikitua mezani naikumbuka. Hukumu yenyewe na hiyo asante sivikumbuki hata kidogo, nakumbuka tu kwamba nililala kabla ya saa nane. Una hakika? namuuliza. Mzee, anasema, nilikuwepo. Anaweka kikombe karibu yangu, anarudi kwenye mafaili yake. Nje gari la magereza linaunguruma, halijaondoka bado. Bado naweza kukimbilia kwa hakimu nikaseme. Nakaa tena kwenye benchi, nafumba macho, nasubiri kuamka.