Swali la Kiti cha Thelathini na Saba

Shakuru alikuwa chini ya meza, bisibisi mdomoni, alipoona jozi ya viatu vyeusi ikisimama karibu na kichwa chake. Viatu vya wabunge alivijua karibu vyote. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akitambaa katikati yake, akifuata nyaya za mikrofoni kutoka kiti hadi kiti. Hivi hakuvijua. Vilikuwa visafi mno kwa mwezi wa Novemba, wakati Bujumbura nzima ilikuwa tope.

"Mzee, we njo fundi wa mikro?"

"Ni mimi, patron."

"Maliza kazi yako. Mi nitakungoja kule juu."

Kule juu ni kwenye kibanda chake cha vioo, juu ya ukumbi wa Bunge, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kumngoja. Shakuru alikaza skrubu ya mwisho, akajivuta nje polepole. Akajiambia ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Alipoinuka, Mama Pascaline alikuwa amekwisha fika kitini pake, kiti cha thelathini na saba, saa nzima kabla ya kikao. Alikuwa mwalimu wa zamani kutoka vilima vya juu ya mji, mfupi, mwenye kitenge cha kijani kilichopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

"Fundi, leo unishushie hii kitu. Mara ya mwisho nilisimama kwa vidole."

"Utauliza, mama?"

"Nitauliza maji." Alifungua daftari la shule, akalifunga tena. "Watu wetu wametolewa kwenye vilima, wakakusanywa kwenye kambi ile, tukaambiwa ni kwa sababu ya usalama. Sawa. Lakini lori ya maji haijafika kule tangu wiki tano. Wanakunywa maji ya mtoni, fundi. Mtoni wanafulia, mtoni wanaogea. Watoto wanaharisha mpaka wanakwisha."

Shakuru aliinamisha shingo ya mikrofoni mpaka ikafika usawa wa kidevu cha yule mama. Mama Pascaline akaipuliza, akacheka kidogo aliposikia pumzi yake ikizunguka ukumbi mtupu.

"Sasa iko sawa," akasema. "Mungu akubariki."

Kibandani, yule bwana alikuwa ameketi kwenye kiti cha pekee. Suti ya kijivu, uso mpole. Alisema anatoka ofisi ya Waziri anayeshughulikia kambi, hakusema jina lake. Alianza kuuliza swichi zile ni za nini, kama mgeni anayetembezwa, na Shakuru akamweleza akiwa amesimama: kila kiti na swichi yake, kila swichi na taa yake nyekundu, na huu ni waya unaopeleka sauti redioni, moja kwa moja.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya thelathini na saba."

"Ni vitu vya zamani sana, ee? Vinaharibika."

"Vinaharibika, patron. Mi navitengeneza."

"Leo hii itaharibika." Bwana yule aliigusa swichi kwa ukucha wa kidole kidogo. "Ule mama atauliza mara ya kwanza, umuache. Waziri atajibu vizuri. Akisimama tena, mikro inakufa. Ni panne tu, kitu imeharibika. Hakuna mutu atakuuliza."

"Patron, mi ni mutu wa nyaya tu."

"Njo maana nimekuja kwako." Akainuka, akajipangusa suruali. "Mutoto wako Soumaya anasoma uuguzi, ee? Vizuri sana. Nguo nyeupe inamupendeza. Asubuhi anashuka basi pale karibu na hospitali ya Kamenge, na saa saba anatoka."

Aliyasema hayo kwa sauti ya jirani anayemsifu mtoto wa jirani. Kisha akashuka ngazi taratibu.

Shakuru hakuketi. Alibaki ameshika ukingo wa meza. Mama yake Soumaya alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo nyumba ilikuwa ya watu wawili, baba na binti, na kila jioni mmoja alimngoja mwingine mlangoni kabla saa ya kutotoka nje haijafika. Katika mji ule wa vita kila mtu alimjua mtu aliyetoka nyumbani asubuhi na asirudi. Hakuna aliyewahi kuulizwa. Hakuna aliyewahi kujibu.

Kikao kilianza saa nne. Ilikuwa siku ya maswali, na mawaziri watatu waliketi mbele, kila mmoja na wasaidizi wake nyuma. Shakuru alivaa vifaa vya masikioni, akawasha, akazima, akawasha. Vidole vilifanya kazi vyenyewe.

Zamu ya kiti cha thelathini na saba ilifika. Mama Pascaline aliuliza kwa Kirundi, polepole, kama anayelisomea darasa imla: Lori za maji ziko wapi? Zimekwama kwa sababu gani? Maji yatafika siku gani?

Waziri alijibu kwa Kifaransa, dakika kumi na mbili. Alizungumzia uratibu. Alizungumzia mazingira ya usalama, na tume ndogo iliyoundwa kuangalia kazi ya tume kubwa. Sauti yake ilikuwa nzuri, Shakuru hakuhitaji kuirekebisha. Alipomaliza, baadhi ya watu walipiga makofi.

Mama Pascaline akasimama tena.

Shakuru alibonyeza swichi. Taa nyekundu ikazimika.

Midomo ya yule mama iliendelea kwenda, lakini ukumbini hakikusikika kitu. Wabunge waligeuka wakatazama juu, kwenye vioo. Spika naye akatazama. Shakuru aliinua mikono yote miwili, viganja wazi, kama mtu aliyeharibikiwa. Mikono yake haikuwahi kusema uongo kabla ya siku ile.

"Mikrofoni ina hitilafu," alisema Spika. "Mheshimiwa, kama ni nyongeza tu, tuchukulie kwamba Waziri amekwisha jibu."

Kwenye masikio ya Shakuru, kupitia mikrofoni ya Spika iliyokuwa mbali, sauti ya Mama Pascaline ilifika nyembamba kama ya mtu aliye ng'ambo ya ukuta. Hakuwa anabishana. Alikuwa anasema, "Ngojeni kidogo, labda ni waya."

Na pale, mbele ya mawaziri na Bunge zima, yule mama alipiga magoti, akaingia chini ya meza.

Shakuru aliona kitenge cha kijani kikijikunja sakafuni. Aliona nyayo za viatu vyake, moja imeliwa kisigino. Watu walicheka. Yeye alikuwa anapapasa waya ule ule ambao Shakuru alikuwa ameufunga asubuhi, anatafuta mahali ulipoachia, na haukuwa umeachia popote. Alichomoa plagi, akaichomeka tena. Alipotoka, kilemba kimeenda upande, aliinua uso kwenye vioo na kumwonyesha Shakuru kidole gumba, kama fundi mwenzake: huku kwangu iko sawa, jaribu kwako.

Baadaye Shakuru hakuweza kukumbuka kwamba alikuwa ameamua. Alikumbuka tu taa nyekundu imewaka, na pumzi ya yule mama imejaa ukumbi mzima.

"Ninauliza siku," alisema Mama Pascaline, akihema. "Mheshimiwa Waziri, sikuulizi mwezi, sikuulizi tume. Siku zina majina. Maji yatafika kambini siku gani?"

Hakuna aliyecheka. Sauti ilikuwa imekwenda redioni, haikuwezekana kuirudisha. Waziri aliinamia wasaidizi wake, wakanong'onezana kwa muda mrefu. Kisha akavuta mikrofoni yake.

"Jumatano," akasema.

Mlangoni, bwana wa suti ya kijivu alitazama juu kibandani. Hakukunja uso. Alitazama saa yake ya mkononi, akatoka.

Shakuru alivua vifaa vya masikioni, akaviacha mezani vikiwa vinaongea. Kwenye ngazi alikutana na Salvator, mhudumu wa ukumbi, aliyebeba sinia la glasi.

"Unaenda wapi? Kikao hakijaisha."

"Mutoto," alisema Shakuru.

Salvator alimtazama, akaelewa alichoweza kuelewa. "Usipite mbele. Kuna gari pale imewashwa. Pita jikoni."

Alipita jikoni, akatokea nyuma, akaifuata barabara ya Kamenge kwa miguu, akikimbia mahali palipokuwa na watu na kutembea mahali palipokuwa na wanajeshi. Kwenye kizuizi askari mmoja alimwomba kitambulisho. Askari mwenyewe alikuwa na redio ndogo begani, na redio ilikuwa inavuma, maana kule kibandani hakukuwa na mtu wa kupunguza sauti.

"Umesikia, mzee? Mama amemubana Waziri. Waziri amesema Jumatano!" Askari alicheka. Kisha akamtazama vizuri. "Sasa we unakimbia nini? Unatoka jasho hivi kwa sababu ya nini?"

"Nachelewa, patron."

"Kila mutu anachelewa." Alimrudishia kitambulisho.

Langoni mwa hospitali wanafunzi walikuwa wametoka, nguo nyeupe kwa makundi, na Soumaya hakuwemo. Shakuru alimshika mkono msichana aliyemjua, Chance, Mkongomani aliyekuja nyumbani kwao siku ya Idi.

"Soumaya iko wapi?"

"Ameenda, papa." Chance hakumtazama usoni. "Kuna bwana mumoja alikuja kumuuliza. Nilimwambia ameenda."

Shakuru aliketi chini, palepale kwenye tope, miguu mbele kama mtoto.

Ndipo Chance akainama sikioni mwake. "Papa, ni wewe kweli peke yako? Hakuna mutu nyuma yako? Basi, Soumaya iko mu buanderi, nyuma ya mashuka."

Alimkuta kwenye chumba cha kufulia, amekaa kati ya marundo ya mashuka machafu ya wagonjwa, magoti kifuani.

"Alisema ni wa kwetu, baba. Mi nikamuuliza, wa kwetu, shangazi yangu anaitwa nani? Akacheka tu. Njo nikakimbilia huku, Chance akamwambia nimeenda." Alimshika baba yake mkono wa shati. "Umefanya nini? Ni nini tumefanya?"

"Nimewasha taa," alisema Shakuru.

Soumaya aliivua ile nguo nyeupe, akajifunga kanga ya Chance. Walipita njia za ndani, wasipande basi, hadi Buyenzi, nyumbani kwa Fatouma, dada yake Shakuru, avenii nne kutoka kwao. Fatouma alifunga mlango. Alimwingiza msichana chumba cha nyuma, akamwekea chai. Alasiri Salvator alituma ujumbe kupitia dereva mmoja wa mtaani pale: kesho Shakuru asije kazini, wala kesho kutwa, na meza yake tayari imepata fundi mwingine. Kuhusu Mama Pascaline, dereva alisema ameonekana akitoka kwa mlango wa mbele, daftari kwapani, peke yake.

Shakuru alivuta kigoda, akaketi mlangoni kwa dada yake. Kote avenii ile gereji zilikuwa zinapiga nyundo, bati kwa bati, na yeye ambaye maisha yake yote alizitenganisha sauti, hakuweza sasa kusikia ni gari gani linakuja na linatoka wapi. Kwa hiyo alitazama. Alitazama kila gari.

Ilikuwa karibu na adhana ya magharibi pikapu nyeupe ilipoingia avenii, ikaja polepole ikikwepa madimbwi, ikasimama mbele yake. Ndani watu wawili. Kioo kikashuka.

"Mzee."

Shakuru alitazama mikono ya dereva kwenye usukani.

"Mzee, Hamimu fundi wa breki iko wapi?"

Aliinua mkono, akaonyesha nyumba ya tatu, yenye mlango wa bluu. Dereva akashukuru, pikapu ikasogea, ikapiga honi mbele ya mlango wa bluu, na Hamimu mwenyewe akatoka akijifuta mikono kwa tambara. Walisalimiana, wakafungua boneti, wakaanza kubishana juu ya breki.

Shakuru alikuwa bado amenyoosha mkono. Fatouma alitoka na kumkuta hivyo, akamwita mara mbili, kisha akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili na kujaribu, taratibu, kuushusha.