Kichuma cha Uzi wa Chini

Nilimlilia mwanangu mdomo nimeufumba. Waombolezaji wakanong'onezana kwamba uchungu umemfunga mama wa watu ulimi. Uchungu ulikuwepo, tena wa kunitosha mimi na kumgawia jirani. Ila ulimi wangu ulikuwa umelalia kile kichuma cha cherehani kinachobeba uzi wa chini, kidogo kama kifungo cha koti, na mate yangu yalionja mafuta ya mashine.

Asubuhi nilikuwa nimemsikia mwanangu mkubwa uani akipatana na fundi wa mtaa wa pili: wazikaji wakirudi tu, aje achukue cherehani ya marehemu. Ya marehemu! Marehemu hakujua hata kutunga uzi kwenye sindano. Aliyeikanyaga miaka yote, ikalisha watoto na kumnunulia yeye dawa alipougua, ni mkewe, ambaye sasa alikaa mkekani amejifunika shuka gubigubi.

Mkamwana huyo nilimpa jina Sindano: mwembamba, na akikugusa lazima ushtuke. Hatukupikika chungu kimoja. Lakini nilipofiwa na mume mimi, shemeji zangu walibeba hata kitanda, nikalala sakafuni na wanangu hawa hawa. Mama mkwe wangu alitazama, akanyamaza. Nami leo nilinyamaza, ila kwa mtindo wangu.

Mkubwa akanipigia magoti. "Mama, cherehani ni mali ya ukoo. Sema neno, shemeji asituone wabaya."

Nikainamisha kichwa kama mwenye kizunguzungu.

"Mama ameridhia," akawatangazia watu.

Wakaiburuta nje, miguu yake ya chuma ikikwaruza sakafu. Sindano hakulia. Aliutazama ule mkwaruzo mpaka mlangoni, kisha akainuka, akaniletea uji. Nikamtemea kichuma kiganjani. Alikitambua kabla hajakifuta mate.

"Mama, bila hiki haishoni hata leso."

"Na cha mashine kuukuu kama ile hakipatikani dukani. Kunywa uji wewe, mwanangu."

Hilo la mwisho lilinitoka lenyewe.

Uji haujapoa, tukamsikia fundi barabarani akiuliza wamemuuzia mashine au meza. Mkubwa akamjibu kwa ukali. Kisha viatu vikageuka, vikaja kwetu.

"Shemeji," aliita akiwa bado mlangoni.

Sindano akanitazama. Akakitia kichuma mdomoni, akajifunika shuka, akaanza kulia.