Magunia Saba ya Mzee Sumari

“Kabla hatujafungua gunia hata moja,” Marta alisema, “nataka mjibu nyote wawili mkiwa hapa. Bwana Suresh ndiye anayenipa kazi ya kuchambua kahawa. Mzee Sumari ni mjomba wangu. Bado mnataka niamue mimi?”

Suresh aliitikia kwa kichwa.

“Tulishakubaliana, mwanangu,” Sumari akasema. “Kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, tungengoja hadi mavuno mengine.”

Enzi zile Mwingereza alikuwa bado anatawala, na pale Arusha neno la mtu lilikuwa na uzito wake. Suresh, mnunuzi wa kahawa, alikuwa ameyakataa magunia saba ya Sumari, akisema yamekuja na unyevu. Sumari naye alishikilia kwamba paa la ghala la Suresh ndilo lililovuja. Juma zima Marta hakukubali kuzungumza na mmoja wao mwenzake asipokuwapo. Ndizi alizoletewa na mke wa mjomba alizirudisha. Peremende za mke wa Suresh alizirudisha pia.

Kila mmoja alisema mpaka akamaliza. Kisha wakachagua gunia kwa pamoja. Marta akalipapasa kwa nje: kavu, halina doa la maji. Akalifungua, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa punje za katikati, akang’ata moja. Jino likazama.

Akafumba macho. Akajiona binti wa miaka saba kule Poli mlimani, ameketi na mjomba kando ya vichanja vya kuanikia kahawa, jua la asubuhi likiwapasha migongo. “Punje kavu hukataa jino,” mjomba alimwambia, akicheka jinsi binti alivyokunja uso. Asubuhi kama zile hakuzipata tena popote.

“Maji hayakutoka juu,” alisema polepole. “Kahawa ilifungwa haijakauka.”

Suresh hakutabasamu. Sumari akaomba punje, akaing’ata. Jino lake nalo likazama.

“Watu watasema umeogopa kumwaga unga kwa Suresh.”

“Watasema, mjomba.”

“Mwaka huu mgongo umenikataa. Niliianua mapema.” Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi ya uamuzi.

Suresh akaagiza lori lake liyarudishe magunia mlimani.

Marta alipotoka kazini, alimkuta mjomba amesimama barabarani, kofia mkononi.

“Kesho kuna jua la kuanikia,” Sumari alisema, akatangulia.

Marta akavua viatu, akamfuata. Mbele yao Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu hadi magotini.