Nyonyo ya Tano

Mtu akikwambia kupanga meza ya sayansi ya watoto wa miaka minne ni kazi ndogo, mwambie aje aipange yeye. Dativa aliipanga wiki nzima. Aliokota majani mekundu na ya manjano kwenye njia za New Hope, mji wa Minnesota, akayakandamiza ndani ya Biblia mpaka yakanyooka. Alikata boga juu ili watoto watumbukize mikono na kuvuta nyuzi zake. Akaweka lenzi za kukuzia, mizani ya plastiki, na katikati trei ya mayai yenye mashimo sita, kila shimo na mbegu zake: za boga, za mwaloni, za mahindi ya rangi, za alizeti, zile zenye mabawa zinazoanguka zikizunguka, na nyonyo. Kila shimo mbegu tano, kwa kuwa tano ndiyo ilikuwa namba ya wiki.

Chekechea yenyewe ilikuwa ya Wambui, Mkenya aliyeifungua ndani ya nyumba yake, vyumba vya chini. Jumanne ya wiki iliyofuata mkaguzi wa leseni angekuja, na Wambui alikuwa ameahidi kwamba mkaguzi akiipenda meza hiyo, Dativa ataacha kuwa msaidizi na kuwa mwalimu kamili. Mtu aliyefundisha darasa la kwanza kwao Karagwe, Tanzania, miaka saba, kisha akaja Marekani kufuta makamasi, ahadi kama hiyo humtoa usingizi.

Sasa, nyonyo zilitoka wapi? Kwa jirani. Watu wa Minnesota, amini usiamini, wanapanda mnyonyo kama ua! Dativa alipouona kwenye uzio, majani mapana yamewiva wekundu, alicheka peke yake. Kwao mnyonyo hujiotea nyuma ya choo na hakuna anayeukaribisha, ila mafuta yake kila nyumba inayo. Mama yake alimpaka kichwani kila Jumamosi mpaka akaondoka kwao. Vitunda viwili vitatu vilikuwa vimeangukia upande wa Wambui. Akavipasua, akatoa mbegu zenye madoadoa, laini, nzuri kama shanga. Kwao hakuna mtoto aliyewahi kufikiria kuzila, kwa hiyo naye hakuwahi kujiuliza zikiliwa zinafanya nini. Kitu cha nyumbani nani anakiuliza cheti?

Asubuhi ya Jumatano watoto sita waliivamia meza. “Mwanasayansi hufanya nini?” Dativa aliwauliza, nao wakapiga kelele kwa Kiingereza chao: “Look! Touch! Smell! Tell!” Kuonja hakukuwemo. Aliwaonya mara mbili kwamba hapa hakuna kinachoingia mdomoni.

Saa sita na nusu, baada ya chakula, wote walilala. Wambui alikuwa ametoka kwenda Roseville kununua mapazia. Dativa akakaa kuandika vibandiko, juu Kiswahili, chini Kiingereza. Boga aliliandika, mwaloni akauandika. Nyonyo kwa Kiingereza hakuijua. Akaipiga picha, akaiuliza simu.

Jina lilikuja. Chini ya jina likaja onyo. Alilisoma mara tatu, akitumaini Kiingereza kina maana nyingine. Mbegu ni sumu kali. Zikitafunwa, hata chache, zinaweza kumuua mtoto.

Dativa aligeuka, akazihesabu. Zilikuwa nne.

Alihesabu tena, kana kwamba mbegu zingeona haya na kujirekebisha. Nne. Akapiga magoti chini ya meza. Akapapasa zulia, akaingiza mkono ndani ya boga hadi kiwiko, akamwaga pipa la takataka sakafuni. Haikuwepo. Kisha akainua macho, akawaona wale sita wamelala kwenye magodoro yao, na usingizi wa watoto, ambao kila siku aliuombea, ukamtisha. Alipita kwa mmoja mmoja, ameinama, akisikiliza pumzi.

Akampigia Wambui.

“Dada Wambui, kuna mbegu moja haionekani. Ni sumu.”

“Mbegu gani?”

“Nyonyo. Ile ya pale uzioni.”

“Mbarika? Ya mafuta? Dativa, wacha ku-panic. Cucu, nyanya yangu, alitupaka hiyo mafuta mpaka ndani ya masikio.”

“Mafuta hayana neno, dada. Mbegu ndiyo inayoua.”

Wambui aliweka gari kando. Ndani ya gari lake taa ya kukatia kona ilikuwa ikigonga tik, tik, tik.

“Usi-call mtu,” alisema hatimaye. “Umenisikia? Inspector anakuja Tuesday. Nipe twenty minutes, tutaitafuta pamoja.”

“Na kama iko tumboni?”

“Na kama iko chini ya sofa? Utakuwa umenifungia kazi juu ya sofa!”

Kusema kweli, Dativa alitaka sana iwe chini ya sofa. Aliogopa kufukuzwa, akaogopa mkaguzi, akaogopa polisi ambao hakuna aliyewataja. Alilipindua sofa zima. Kulikuwa na soksi moja na biskuti yenye ukungu. Basi akaenda kwenye friji, mahali ilipobandikwa namba ya kituo cha sumu, akaipiga.

Aliyepokea alikuwa mwanamume mwenye sauti ya taratibu. Mtoto yupi? Sijui. Ameimeza nzima au ameitafuna? Sijui. Yule bwana hakumgombeza. Alimweleza kwamba ikimezwa nzima, ganda lake ni gumu na mara nyingi hupita salama, lakini ikitafunwa mtoto apelekwe hospitali sasa hivi, asisubiri kutapika. Waamshe, akasema. Ujue ni nani, na ujue kama ameitafuna. Mimi niko hapa kwenye laini.

Dativa akawaamsha. Walikaa kwenye magodoro, nywele zimesimama, wanapikicha macho.

“Nani amekula mbegu?” Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

Midomo sita ikafungwa. Macho yote yakaenda kwenye kile kiti cha buluu pembeni, kiti cha kufikiria, ambako Wambui humkalisha kila anayetia vitu mdomoni. Dativa akaona kosa lake. Miaka saba ya ualimu, naye anauliza kama askari wa mgambo!

Aliketi chini nao. Alivuta pumzi, na hasira ya kujikasirikia akaimeza.

“Wanasayansi wangu, nataka ripoti,” alisema. “Leo hakuna kosa na hakuna kiti. Mliona mbegu yenye madoadoa. Ukiigusa ikoje?”

“Smooth,” akasema mmoja.

“Laini, ndiyo. Inanukaje?”

“Like nothing!”

“Vizuri sana. Na ladha yake je? Kuna mwanasayansi anayejua ladha yake?”

 Dativa aliisogeza simu karibu nao, yule bwana asikie. Kisha Natasha, binti wa miaka minne, mtoto wa nesi mmoja Mkenya aitwaye Velma, akainua mkono taratibu.

“First it’s like peanut,” alisema. “Then it’s hot.”

“Kama karanga, halafu inawasha.” Dativa alijilazimisha kutabasamu. “Uliimeza nzima, mama, au uliitafuna?”

“I chewed it.” Alisema hivyo kwa fahari, mtoto wa watu, kama anayeleta zawadi.

 Dativa aliita ambulensi, akampigia Velma kazini, na alipokuwa akimvalisha Natasha koti, Wambui akaingia mbio, funguo mkononi. Alielezwa kwa maneno matano. Akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamlenga. Si kwamba mwanamke yule hakuwa na roho. Kisha akamvuta Dativa mlangoni.

“Mimi nabaki na hawa. Ukifika huko, sema aliokota nje, kwa fence. Hata si uongo. Si ndiko zilitoka?”

Dativa alimbeba Natasha, akatoka. Ambulensi ilikuwa imefika.

Natasha alitapika mara ya kwanza njiani na mara ya pili kwenye kitanda cha hospitali, akilia kwamba tumbo linamkata. Walimnywesha dawa nyeusi ya mkaa, wakamtundikia dripu, wakamtoa damu. Velma alipofika, alimkuta Dativa ameshika beseni. Velma bado alikuwa na sare yake ya unesi, kitambulisho kinaning’inia shingoni, na uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Alimchukua mwanawe mikononi bila kumsalimu mtu.

Daktari akauliza mtoto alipata wapi mbegu, na alikula ngapi.

“Owner wa chekechea amenipigia,” Velma alimjibu kwa Kiingereza. “Alikuwa anacheza nje. Akaokota chini ya mti wa jirani.” Sauti ikaanza kumvunjika. “Ngapi, sijui. Ziko kibao huko chini. Anaweza kuwa amekula hata kumi.”

Kumi. Daktari alibadilika uso. Velma aliuona uso huo, akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi na kuanza kuomba chini chini, kwa lugha ya kwao.

Uongo ulikuwa umeshapikwa na kupakuliwa. Dativa hakutakiwa kusema hata neno moja. Alitakiwa kunyamaza tu, na kesho angeamkia kazini kama kawaida. Aliwaza hayo yote, sitamsingizia utakatifu. Aliyawaza huku akimtazama mama anayeombea mbegu kumi.

“Ni moja,” alisema.

Wote wakamgeukia.

“Amekula moja, Mama Natasha. Si kumi. Nina hakika.”

“Unajuaje? Ulikuwa huko nje?”

“Hakuwa nje. Nilizileta ndani mimi. Niliziweka mezani wazichezee, sikujua ni sumu. Niliweka tano, na zimebaki nne.”

Daktari alimuuliza tena kwa Kiingereza, naye akarudia kwa Kiingereza, polepole, kila neno. Daktari akaandika, akatoka haraka. Velma hakutoka. Alimgeukia Dativa.

“Wewe ndio uliweka?”

“Mimi.”

“Toka hapa,” Velma alisema. “Toka mbele yangu kabla sijasahau hii ni hospitali.”

Alitoka. Nusu saa baadaye, akiwa bado kwenye korido, akapata ujumbe wa Wambui: asirudi tena, nguo zake za kubadilisha atatumiwa. Velma alikuwa amempigia Wambui tayari.

Siku mbili zilizofuata Dativa hakujua kama mtoto ni mzima au la. Hakuwa na haki ya kupiga simu, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Alikaa kwenye chumba chake, chai ikipoa, akimwona Natasha ameinua mkono. Aliomba rozari mpaka akapoteza hesabu. Akiamka usiku, jambo la kwanza kumjia lilikuwa lile neno la karanga.

Ijumaa mchana simu ikaita. Velma.

“Ametoka,” Velma alisema, bila salamu. “Damu iko sawa, figo iko sawa. Sasa hivi ananisumbua anataka pizza.”

Dativa alilia. Hakujaribu hata kuficha.

“Wacha kulia, bado nimekukasirikia. Sikiza. Wambui alipigia wazazi wote na ile story ya fence. Wote! Nimemtoa Natasha kwake. Monday narudi shift na sina mtu wa kubaki na mtoto.”

“Pole, Mama Natasha. Nitakuulizia kanisani, pengine...”

“Nani amekwambia uniulizie? Nakutaka wewe.”

“Mimi?” Dativa alidhani hakusikia sawasawa. “Mimi ndiye niliyempa sumu.”

“Najua. Si uliniambia mwenyewe? Nimefanya kazi ward miaka kumi na mbili, na mtu hajawahi kuharibu sijamwona. Nataka mwenye akiharibu ataniambia.” Velma akapenga kamasi. “Saa kumi na mbili asubuhi, uwe umefika kwangu. Na ole wako ukuje na mbegu.”