Nusu ya Shamba la Piroska

Watu wa mji wetu watakuambia kwamba Gabor Szabados alimuuza dada yake kwa ajili ya barabara. Hata mimi wananiambia, wakiwa wamekaa kwenye kiti cha saluni yangu na mkasi wangu uko karibu kabisa na masikio yao, nami nanyamaza. Wanaonijua wanajua kunyamaza si kazi ninayoiweza. Nilikaa miaka mingi kwenye kamati ya ardhi ya baraza la mji, na hakuna mwenyekiti aliyenifunga mdomo. Lakini tulipomzika Piroska, dada yake huyo, vuli iliyopita, Gabor alisimama nje ya uzio wa makaburi kama mtu aliyefukuzwa msibani, na watu wazima waliosoma naye darasa moja wakampa mgongo. Nikasema basi, yatosha. Nasema.

Shamba la Piroska lilikuwa pale mji unapoishia, kabla ya kijito. Baba yao alikuja kutoka Hungaria kuchuma tumbaku ya watu, akadunduliza mpaka akanunua pake, akajenga nyumba na nyuma yake akapanda micheri, miti ya cheri, ile yenye matunda makali ya kupikia supu. Mama yao alipofariki, Gabor alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Piroska ndiye aliyemlea. Aliwakataa wanaume wawili kwa sababu hawakumtaka na mtoto mgongoni, na akatuambia kabisa kwamba hajutii, mmoja wao alikuwa na kipara tangu ujana.

Kisha ikaja kampuni iliyotaka kujenga nyumba mia kadhaa ng'ambo ya kijito. Nyumba zinataka barabara, na mstari wa barabara kwenye ramani ulipita jikoni kwa Piroska na kumaliza micheri yote. Sheria inauruhusu mji kuchukua ardhi ya mtu kwa njia ya umma na kumlipa fidia. Fidia ipo, sikatai. Lakini mwambie mwanamke mwenye mvi akaanze kupanda mcheri mwingine, uone atakavyokutazama.

Mimi nikaandika hoja ya kuihamishia barabara kwenye njia ya reli ya zamani, ambako hakuna anayeishi isipokuwa sungura. Ingegharimu zaidi, na kampuni haikuipenda. Kamati ilikuwa na watu watano. Lyle Pruett, mwenyekiti, muuza bima mwenye meno meupe kupita kiasi, alikuwa upande wa kampuni, pamoja na mwenzake mmoja aliyeinua mkono kila Lyle alipoinua wake. Upande wetu nilikuwa mimi, mzee Hendrik mfuga ng'ombe, na Gabor. Watatu kwa wawili. Na neno la kamati yetu, baraza kuu lilikuwa halijawahi kulipindua.

Lyle alijaribu mapema kumng'oa Gabor. Akamwuliza Nadine, mwanasheria wa mji, kama ni halali mtu kupigia kura shamba la dada yake. Nadine akafungua sheria, akasoma, akasema mwenye faida au hasara katika jambo hutangaza na kutoka chumbani, na sheria humhesabia mtu mali ya mke wake, mzazi wake na mtoto wake. Dada hakutajwa.

"Kwa hiyo dada si ndugu?" Lyle akauliza.

"Kwa sheria hii, si ndugu," Nadine akasema. "Usiniangalie mimi, sikuitunga."

Tulicheka. Gabor alicheka kuliko sote. Jioni ile alipita saluni kunisimulia jinsi alivyompigia simu Piroska na kumwambia kwamba sasa si ndugu yake tena kisheria, na Piroska akamjibu kwamba ingekuwa hivyo zamani, angeolewa.

Hapo Gabor alikuwa anaishi chumba cha kupanga juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa ameachana na mkewe, na nyumba ikabaki kwa mke. Piroska alimwambia mara nyingi arudi nyumbani, chumba chake kipo, naye kila mara alikataa. Alisema mwanamume wa umri wake hawezi kurudi kuwa mgeni wa dada yake. Neno hilo, mgeni, lilimchoma Piroska vibaya. Alilirudia kwangu nikimpaka rangi ya nywele. "Mgeni, Doreen. Mimi niliyemfundisha kupenga kamasi."

Siku ya kikao theluji ilikuwa inayeyuka na viatu vya watu vilijaza ukumbi matope. Piroska alikaa safu ya mbele amevaa koti lake la kanisani, na magotini alipakata trei ya mikate ya kukunja aliyoitia cheri ndani. Alijua tuna kura tatu. Mikate ile ilikuwa ya kula baada ya ushindi.

Lyle aliuliza kama yupo mwenye maslahi ya kutangaza, kama kawaida. Tukatikisa vichwa, Gabor naye, kwa roho safi kabisa. Kisha wananchi wakaitwa kusema, dakika tatu kila mmoja. Wa kampuni akasema vizuri mno. Akafuata Piroska.

Mimi nilikuwa nimemwambia asome tu tulichoandika pamoja. Alisoma nusu. Halafu akaikunja karatasi, akamtazama mdogo wake, na uso wake ukang'aa. Nilijua anataka kuongeza kitu, nikamkazia macho anyamaze. Hakuniona.

"Mnafikiri hili ni shamba la kikongwe mmoja asiye na mtu," akasema. "Sivyo. Tangu Krismasi nusu yake ni ya Gabi. Nilimwekea hati katikati ya karatasi za kodi akatia saini, maana karatasi zangu hasomi, tangu mtoto anasaini tu. Nilitaka kumwambia siku yake ya kuzaliwa, lakini acha aisikie leo. Gabi, wewe si mgeni pale. Ni kwako."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Wazee wawili walifuta machozi. Mimi nilimtazama Nadine, na Nadine alikuwa ameweka kalamu chini.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukipita mambo mawili kwa haraka vile. Kwanza Gabor alikuwa mtoto aliyepewa kitu. Kisha akaelewa. Dada hakuwa kitu kwa sheria, lakini nusu ya ardhi ilikuwa kitu, na sasa alikuwa na hasara yake mwenyewe katika jambo lile. Nadine alimwinamia sikioni na mimi nilikuwa karibu, nikasikia. Akipiga kura, kampuni itakwenda mahakamani na kura itafutwa. Kuirudisha ile nusu hakusaidii, kwa mwaka huu itahesabika kwamba ilikuwa yake.

Gabor akasimama. Akasema ana maslahi katika jambo hili na kwamba ameyajua sasa hivi. Akakusanya karatasi zake.

"Gabi," Piroska akamwita, bado anatabasamu, "unaenda wapi?"

Hakumjibu. Sheria haimruhusu aliyejitoa kusema neno lolote juu ya jambo lenyewe, na yeye alikuwa mtu wa kufuata sheria mpaka inaudhi. Alipita mbele ya dada yake, akagusa ukingo wa ile trei kwa vidole, akatoka. Mlango wa ukumbi una kioo, na kupitia kioo niliona kisogo chake muda wote.

Nikaomba kikao kiahirishwe. Wawili kwa wawili, ombi likaanguka. Hoja yangu ikapigiwa kura. Wawili kwa wawili. Hoja isiyopata wingi imekufa, na ramani ikabaki ilivyo. Lyle alitangaza kwa sauti ya chini, nadhani hata yeye hakufurahi. Nilimtukana hata hivyo. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Piroska alibaki amekaa. Watu walimpita wakimgusa bega. Nilipomfikia akaniuliza kama ni kwa sababu ya alichosema. Mimi mwenye mdomo wote huu, nilikosa neno. Na katika ule ukimya wangu nilimwona anaanza kuelewa kwamba ameivunja nyumba ya baba yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa zawadi. Nimewaona watu wakifiwa. Sikupata kuona macho kama yale.

Gabor alikuwa amerudi mlangoni. Aliyaona macho yale pia. Akaja, akasimama mbele yake.

"Si kwa sababu yako, dada," akasema. "Ningeipigia barabara kura. Niliahidi kampuni zamani. Ulichosema kimenipa tu pa kutokea."

Piroska akanitazama mimi. Gabor naye akanitazama, na alikuwa ananiomba kama mtu anavyoomba maji. Mimi ndiye niliyehesabu kura. Mimi nilijua.

"Ndivyo," nikasema. "Tungeshindwa tu, mpenzi."

Alisimama taratibu. Yale macho yalikuwa yameondoka, yamekuja mengine, makavu, ambayo mtu anaweza kuishi nayo. Akaiweka ile trei kwenye kiti na kumwambia mdogo wake asije hata kwenye mazishi yake. Kisha akaniomba nimpeleke nyumbani.

Gabor alijiuzulu wiki ile ile, akahamia kwenye mashamba ya kusini. Lakini kabla mashine hazijaingia, alikwenda shambani mchana Piroska akiwa kanisani, akang'oa mche mmoja mdogo wa cheri pamoja na udongo wake. Miaka ilipita. Kila Julai alikuja saluni kwa mlango wa nyuma, akaniachia ndoo ya cheri, nami nikampelekea Piroska kwenye ile fleti yake isiyo na hata kibaraza. Nilimwambia zinatoka sokoni. Kila mara nilimwomba Gabor aniruhusu niseme ukweli, na kila mara aliniuliza kama dada analala usingizi. Nikasema analala. Akasema basi.

Julai ya mwisho, Piroska alikuwa hali tena sawasawa. Alichukua cheri moja, akaifinya, akaionja kwa muda mrefu na kusema ina ukali wa kwao. Akala ya pili. Halafu akaisukuma ndoo kidogo mbali naye.

"Bakisha," akasema. "Yule angezimaliza zote."

Kisha akakumbuka kwamba mdogo wake hamtaji, akaniomba nifunge dirisha.