Bahari Ndani ya Stoo ya Viazi

Kule Kuresoi ukungu hushuka alfajiri na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Na mwaka huo, chini ya ukungu ule, ndani ya stoo ya viazi ya Mzee Kipkorir, kulikuwa na bahari.

Haikuwa bahari kubwa. Ilikuwa tangi la kioo lenye urefu wa mlango uliolazwa, limewekwa juu ya mawe ya kujengea, na ndani yake maji yalizunguka mchana kutwa bila kufika popote. Stoo yenyewe ilikuwa ya mbao, haina dirisha, na harufu ya udongo mkavu ilikuwa imeshika kuta zake. Ukifunga mlango ulibaki na giza, mngurumo mdogo wa pampu, na kijitaa chekundu cha hita ya maji kikipumua: kinawaka, kinazimika, kinawaka. Chelangat alipenda kuketi mle. Kuna nyakati alihisi kwamba si yeye aliyeileta bahari Kuresoi. Bahari ilikuwa pale tangu zamani, imelala chini ya viazi, na yeye ameifukua tu.

Ukweli ni kwamba aliileta kwa pikapu. Alikuwa na diploma ya ufugaji wa samaki, na kwa muda alitunza tangi katika hoteli moja mjini Nakuru. Hoteli ilipofungwa, mwenye hoteli alimwambia, "Chukua hayo mawe, Chela. Mimi sijawahi kuyaelewa." Akayachukua: matumbawe ya rangi ya chungwa, mafundomafundo kama viazi vilivyoanza kutoa macho, na kichaka kimoja cha rangi ya waridi, laini kama ulimi wa ndama.

Haya hayakuwa matumbawe yale yanayopikiwa chakula na jua. Asili yao ni mapangoni, chini ya miamba, mahali ambapo jua ni uvumi tu. Hula kwa mdomo, kama mimi na wewe. Kila fundo lina mdomo wake, na kila mdomo una njaa yake. Usipolilisha linakufa, hata ukilimwagia jua la dunia nzima.

Na taabu ilikuwa hapo. Tangu yafike Kuresoi, hayakuwa yamefumbua hata mdomo mmoja.

Mzee Kipkorir alikuwa amempa bintiye, Chelangat, stoo kwa sharti. "Viazi vikiwa shambani, stoo ni yako," alisema. "Vikitoka, stoo ni ya viazi. Labda nione hicho kitu kikiwa hai, kwa haya macho yangu mawili, ndio tutaongea. Lakini nikikuta mawe, yataenda kulala nje na mawe wenzake."

Sasa majani ya viazi yalikuwa yameanza kukauka shambani.

Chelangat alifanya yote aliyofundishwa. Alikinga maji ya mvua kutoka paani, akayachuja, akayatia chumvi ya bahari iliyotoka Nairobi kwa basi.

"Chumvi ya Nairobi!" Mzee alimcheka mpaka akakohoa. "Na hii ya ng'ombe iko hapa gunia mzima. Hizo samaki zako ziko na maringo."

"Si samaki, Baba. Na hiyo ya ng'ombe itayaua."

"Si imelea Roseline miaka yote? Roseline amekufa?"

Roseline alikuwa ng'ombe wa nyumbani, mweupe wa mabaka, mwenye mimba kubwa na kiburi kikubwa kuliko mimba. Alisikia jina lake akageuza sikio moja.

Chakula cha matumbawe kilikaa kwa Immaculate, mwenye duka pale Keringet, ndani ya friza, kati ya aiskrimu na soseji. Walikuwa kamba wadogo sana, wamegandishwa katika vibonge vya rangi ya waridi.

"Sasa Chela," Immaculate alikuwa akimwambia kila akija, "leo kuna customer ameniuliza hii ni flavour gani. Nusura nimuuzie."

"Ungemuuzia tu, angalau mtu mmoja angekula."

"Kwani bado hao watu wako wamegoma?"

"Bado."

"Wapeleke kanisani waombewe. Ama uwachape."

Chelangat alicheka, lakini njiani kurudi kicheko kilimwishia. Nyumbani aliyeyusha kibonge, akafyonza wale kamba kwa sirinji ndefu ya kunyweshea ndama dawa, akawamwaga juu ya mafundo taratibu, fundo baada ya fundo. Wakateleza. Wakaanguka mchangani, wakaoza. Mashine ya kutoa povu, ambayo kazi yake ni kukomba uchafu majini, ilifura povu la kahawia kama la chai iliyochemka ikamwagika mekoni. Akabadilisha maji. Akalisha tena. Wakaoza tena. Alikuwa akichafua bahari kwa chakula, na waliomo ndani wanakufa njaa.

Siku aliyokwenda Molo kutafuta kebo ya pampu, alirudi akakuta bati moja la paa limefunguliwa. Mwale mnene wa jua ulikuwa umesimama ndani ya stoo kama nguzo, na mguu wake uko majini. Babake alikuwa kando, mikono kiunoni, amejipenda.

"Nimewapa jua," alisema. "Wewe umesoma, lakini hii ni kazi ya mkulima. Hata mbegu ya kiazi, ukiificha kwa giza sana inatoa machipukizi meupe, membamba, ya ugonjwa. Lazima ionyeshwe mwanga kidogo ndio ikaze mwili."

Ilikuwa kweli tupu, kwa viazi. Chelangat alimtazama uso uliojaa wema, akakosa pa kuanzia hasira. Akashukuru, akapanda ngazi, akapigilia bati.

Lakini jua lilikuwa limeshaacha mtoto wake mle ndani. Utando wa kijani ulianza kwenye mawe, ukatambaa, ukakivaa kile kichaka cha waridi kama blanketi. Aliusugua kwa mswaki, ukarudi. Kichaka kilijikunja kidogokidogo mpaka kikawa kama kidole kilichokaa majini muda mrefu. Kilipoanza kutoa harufu alikitoa, akakizika nyuma ya miti ya misaipresi, akasawazisha udongo kwa kiatu. Ukungu ulikuwa umefika magotini. Alisimama pale akijiuliza kama kuna kitu kingine cha bahari kilichowahi kuzikwa Kuresoi, na kama kitasikia mvua huko chini na kudhani ni nyumbani.

Yalibaki yale ya chungwa. Yamefunga.

Wiki hiyo Roseline alizaa, na baridi ikamchukua ndama kabla hajajua kusimama vizuri. Roseline akazuia maziwa. Walimfunga miguu, wakamkanda kiwele kwa maji ya moto, wakambembeleza kwa majina yote mazuri. Hakutoa tone. Kiwele kilijaa kikawa kigumu kama tofali, na bado hakutoa.

Chepkemboi, mamake Chelangat, ndiye aliyejua la kufanya. Alikuwa ameichuna ngozi ya ndama, akaipaka chumvi, akaikausha kidogo juu ya moshi. Jioni aliijaza majani makavu, akamwita bintiye zizini.

"Shika hapa. Weka mbele yake."

Chelangat alishika kile kindama cha majani. Kilikuwa chepesi mno. Mamake aliketi kwenye kibao cha kukamulia, mikono juu ya mapaja, bila kugusa kitu.

"Sasa si ukamue, Mama?"

"Tulia. Wewe kila kitu unataka kuweka mdomoni mara moja. Mwache anuse kwanza."

Roseline alinusa. Akapuliza hewa, akanusa tena, polepole, kutoka shingoni mpaka mkiani. Kisha akatoa sauti ambayo Chelangat alikuwa hajaisikia tangu siku ya kuzaa, sauti ya ndani kabisa, kama mtu anayevuta kitanda chumba cha pili. Akaanza kulamba. Ndipo Chepkemboi akainama, na maziwa yakaja yenyewe, yakaimba ndani ya ndoo.

"Maziwa huanzia puani," alisema Chepkemboi bila kuinua kichwa. "Na akishatoa, mpe unga wake hapo hapo. Ukimwonjesha harufu halafu umwache mikono mitupu, kesho atakataa hata ngozi."

Chelangat aliendelea kushika ngozi mpaka ndoo ikajaa. Hakuwa tena zizini. Alikuwa tumbawe pangoni, chini ya mwamba, hana macho, hana miguu ya kukimbilia chakula, hana la kufanya ila kungoja maji yamletee habari. Na maji hayaleti habari. Yanaleta tu, ghafla, kishindo cha nyama usoni. Nani angefumbua mdomo?

Siku iliyofuata hakuyalisha matumbawe. Aliyeyusha kibonge kwenye kikombe, akachuja kwa kitambaa, akabaki na maji ya rangi ya waridi yenye harufu ya kamba, bila kamba. Akazima pampu. Bahari ikasimama. Akamimina vijiko vichache vya yale maji pembeni, akaona wingu jembamba likitanda na kupotea, akaketi juu ya gunia tupu.

Hakuna kilichotokea. Akawasha pampu, akatoka.

Kesho yake alirudi saa ile ile, na keshokutwa pia. Alijifunza kungoja kama anayengoja mtoto wa mtu mwingine aamke. Gizani, harufu ya udongo na harufu ya kamba zilichanganyika, na kuna wakati alisinzia akaota kwamba mlima wote wa Mau umekaa chini ya maji, ng'ombe wanakwenda malishoni polepole, nywele zao zikielea, na yeye anawaita wala sauti haitoki. Alipozinduka aliona, au alidhani ameona, kwamba fundo moja limevimba kidogo. Aliogopa hata kupumua. Likabaki hivyo hivyo.

Kisha wakaanza kuvuna.

Asubuhi hiyo aliwasikia vibarua tangu jua halijatoka, majembe yakichimba, mtu akimtania mwenzake kwamba anachimba kama anayetafuta maji. Magunia yalikuwa yakishonwa. Chelangat aliingia stoo, akafunga mlango. Akazima pampu, akamimina maji ya waridi. Akafunika tochi ya simu kwa kiganja, mwanga ukatoka mwekundu kupitia nyama ya vidole vyake mwenyewe, na kwa mwanga ule akatazama.

Fundo la pembeni lilivimba. Likawa na uwazi, kisha ndani ya uwazi kitu cha manjano kikajitokeza kwa haya, ncha moja, ncha nyingi, kama jua dogo linalochomoza mahali ambapo hakuna asubuhi. Vidole vyake vyembamba vilipapasa maji vikiuliza. Chelangat alichukua sirinji, akaachia kamba mmoja. Vidole vikamshika. Vikamkunja. Mdomo ukamla, taratibu, bila pupa, kama bibi anayekula peremende kanisani.

Fundo la pili likavimba. La tatu. Upande wa kulia wa jiwe ulikuwa umekufa kabisa, mifupa mitupu, na haukufanya kitu. Lakini upande wa kushoto ulikuwa unafunguka wote, mdomo mmoja ukiamsha mwingine.

Mlango ulisukumwa. Mzee Kipkorir aliingia na gunia la kwanza begani.

"Haya, Chela, siku imefika. Toa..."

"Shh!"

Alikuwa hajawahi kumnyamazisha babake maisha yake yote. Mzee aliduwaa.

"Funga mlango, Baba. Tafadhali. Njoo pole pole."

Alifunga kwa kisigino. Akaja, akainama na gunia bado begani, uso karibu na kioo, na ule mwanga mwekundu ukamgusa nywele nyeupe za kidevuni. Alitazama muda mrefu. Chelangat alilisha mdomo mmoja. Mwingine.

"Wanakula," Mzee alinong'ona.

"Wanakula."

"Na wewe unawapa mmoja mmoja hivi? Kila siku?"

"Kila siku. Nikiacha, watakufa kama wale wa huku."

Mzee alitazama upande wa mifupa, akatikisa kichwa kama anavyotikisa kwenye zizi lenye ugonjwa. "Sasa hii ni mifugo," alisema. "Kwa nini hukusema ni mifugo? Mimi nilidhani ni mimea."

Aliteremsha gunia. Alifungua mlango kidogo, akatoa kichwa, akaita kwa sauti ya chini mno kwa mtu wa shamba, "Nyinyi! Hizo zingine pelekeni sitting room. Sitting room, ndiyo. Wekeni nyuma ya makochi." Akarudi, akajipangusa vumbi la viazi kwenye suruali, akanyoosha mkono apewe sirinji.

Huko nje Chepkemboi alikuwa tayari anauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, ni nani amemwambia mtu yeyote kwamba makochi yake ni stoo.

Mzee hakugeuka. Alikuwa ameelekeza ncha ya sirinji nyuma ya jiwe, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

"Lete mwanga hapa," alisema. "Huyu wa nyuma hajapata."