Pigo Alilolimeza Chiriku

Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu mbili: aliimba kuliko wote mtaani, na kunyamaza alikuwa hakujui. Hata akiumwa jino aliongea kwa upande mmoja wa mdomo. Mdogo wake walimwita Tuli. Maneno yote ya nyumba ile yalikwisha kugawiwa kabla hajazaliwa, yeye akaambulia masikio.

Masikio hayo ndiyo yaliyompa kazi. Katika chumba cha uani, kilichokuwa zamani cha kuweka magunia na baiskeli mbovu, Tuli alikuwa na kompyuta, maiki, spika mbili, na magodoro makuukuu aliyoyapigilia ukutani ili sauti isirudi. Waimbaji walikuja kwa zamu. Dada yake alikuja anapotaka, maana nani anaomba zamu kwa mdogo wake?

Safari hii Chiriku alikuja na wimbo mpya, wa kumsema mtu asiyetajwa lakini mtaa mzima ungemjua. Ulikuwa wimbo wa mapigo manne, moja, mbili, tatu, nne, kama mwendo wa mtu asiye na haraka. Tuli alimvisha hedifoni, akamwekea kliki, ule mlio wa tiki-tiki unaomhesabia mwimbaji mapigo, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Ubeti wa kwanza ukaenda. Kiitikio kikaenda. Kwenye ubeti wa pili Chiriku akaingia kabla ya wakati. Pigo la nne alilimeza, kama mtu anayeshuka akakosa ngazi moja. Ila mtu akikosa ngazi hushtuka. Chiriku hakushtuka. Aliendelea kuimba huku akimnyooshea kidole yule mtu asiyetajwa.

"Dada, turudie kidogo pale."

"Turudie nini? Nimeimba vibaya?"

"Umeimba vizuri, ila umewahi."

"Mimi niwahi? Mashine yako imechelewa. Iangalie, labda ina njaa."

Wakarudia. Akameza tena. Wakarudia mara nyingine, na sasa akameza palepale na mahali pengine pia. Chiriku alikuwa ameanza kukunja uso, na Tuli tangu utotoni alikuwa mtu wa kuukimbia uso huo ukikunjwa. Akasema, "Basi, dada, imetosha. Hii nzuri."

Dada alipoondoka, Tuli akafanya alichojua kukifanya. Ndani ya programu ile, juu kabisa ya skrini, kuna mstari mwembamba unaobeba hesabu ya mapigo. Unaweza kuiambia mashine: mpaka hapa tulihesabu nne, kipande hiki kimoja tuhesabu tatu, halafu turudi kwenye nne. Wanaotunga hivyo kwa makusudi huutumia mstari huo kuuzungusha wimbo katikati. Ukisahau kurudisha nne, kila kinachofuata kinahama mahali pake. Tuli hakusahau. Ngoma za kompyuta zikaacha mwendo wao zikamfuata Chiriku, aliporuka zikaruka naye, na palipokuwa na kosa pakawa na madoido. Ungeapa kwamba wimbo ulitungwa hivyo.

Ni uchovu tu, Tuli alijiambia. Akafunika kombe.

Chiriku aliposikiliza alicheka kwa furaha. "Unaona? Nilikuambia nini? Mimi siwahi wala sichelewi."

Wiki iliyofuata akaja kuingiza sauti za nyimbo nyingine mbili. Alikuja vifungo vya blauzi vimepishana, kimoja kimekosa tundu, na mguu wa kushoto ukiburuta kandambili. Tuli alimfunga vifungo upya, akamvisha hedifoni. Safari hii mapigo yaliyomezwa yalikuwa mengi zaidi, mengine mawili kwa mpigo. Ule mstari wa juu ukajaa namba: nne, tatu, nne, mbili, nne, tatu, kama shuka lililotiwa viraka mpaka huoni tena shuka. Tuli akashona. Na kadiri alivyoshona vizuri, ndivyo Chiriku alivyozidi kuwa na uhakika.

Sasa, mpigangoma wa Chiriku alikuwa Mjomba, kaka wa mama yao. Ndiye aliyewalea mama yao alipofariki, na ngoma yake ndiyo iliyomfundisha Chiriku kuimba, akiwa bado anakaa juu ya mkeka na kamasi zinamtoka. Alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye mzaha wa chinichini. Ijumaa moja mchana waliingia wote wawili chumbani mwa Tuli, na kwa jinsi Chiriku alivyousukuma mlango Tuli alijua kuna jambo.

"Mweleze," Chiriku alisema. "Mweleze ulichonifanyia kwenye mazoezi mbele ya watu."

"Mimi nilipiga ngoma, mama," Mjomba alisema. "Wewe ukanikimbia."

"Amechelewa mara nne! Waitikiaji wakaanza kutazamana. Mpaka yule mwenye meno yaliyotokeza mbele akacheka."

"Yule hucheka hata msibani."

"Mjomba, usinichekeshe, nina hasira. Tuli, weka wimbo. Rekodi haina undugu na mtu. Apige juu yake, tuone nani anachelewa."

Tuli alisogea mbele ya skrini. "Dada, kompyuta leo ina matatizo kidogo..."

"Matatizo gani, na taa yake inawaka? Weka."

Akaweka. Mjomba akakaa kwenye kigoda, ngoma katikati ya magoti, akafumba macho. Alipiga vizuri, mikono ikitembea kama inakwenda nyumbani. Ukafika ubeti wa pili, kile kipande cha mapigo matatu kikapita, na mkono wa Mjomba ukaangukia patupu. Akafumbua macho. Akajitahidi kurudi, akashika njia, na kipande kingine kikamtupa tena.

"Tena," alisema mwenyewe.

Wakarudia tena, na mara hii alikaza shingo, akihesabu kwa midomo. Ikawa mbaya zaidi. Chiriku alikuwa ameanza kwa kucheka, lakini kicheko kikaisha.

"Si umesikia mwenyewe, Mjomba?" alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Sio kwamba sikutaki. Lakini shughuli tuliyoalikwa kuimba iko kesho kutwa. Nimeshampata mtu mwingine wa ngoma."

Mjomba aliigeuza mikono yake, akaitazama viganja, kisha mgongoni. "Labda ni kweli," alisema. "Uzee haupigi hodi. Na mimi nikadhani ni wewe." Akaisukuma ngoma taratibu kwa goti mpaka ikafika miguuni pa Chiriku. "Mpe huyo mtu. Mwambie asiiweke juani, ngozi itakaza."

Akainuka. Akasahau hata kuchukua kofia yake.

Tuli aliitazama ile kofia iliyoachwa. Mambo mengi alikuwa ameyaona akayanyamazia, na mengi yalipita yenyewe. Hili lilikuwa linatoka mlangoni limeinama, na yeye ndiye aliyeliinamisha.

"Mjomba, kaa," alisema.

"Niache nikapumzike, mwanangu."

"Kaa, Mjomba. Mikono yako haina kosa."

Chiriku akageuka. "Wewe nawe umeanzaje?"

Tuli aliigeukia kompyuta. Alikishika kipanya, akazichagua zile namba zote za juu, moja baada ya moja mpaka ya mwisho, akazifuta. Ikabaki nne moja, mwanzoni kabisa. Ngoma za kompyuta zikarudi kwenye mwendo wao wa awali. Sauti ya Chiriku hakuigusa. Ilibaki palepale ilipoimbwa. Akabonyeza.

Ubeti wa kwanza ukaenda. Kiitikio kikaenda. Kwenye ubeti wa pili sauti ikachomoka ikaiacha ngoma nyuma, na tangu hapo vikawa kama watu wawili waliokwama mlango mmoja, kila mmoja akimkanyaga mwenziwe. Mjomba, bado amesimama, alianza kupiga paja kwa vidole. Paja na ngoma vilikwenda sawa, hatua kwa hatua.

"Umeuharibu wimbo wangu," Chiriku alisema.

"Sijauharibu, dada. Nimeurudisha ulivyokuwa siku uliyouimba."

"Huyo anayekimbia ni nani?"

Wimbo ukaendelea kujikwaa mpaka Tuli akausimamisha.

"Ni mimi?"

"Ni wewe. Nilikuwa nabadilisha hesabu, mashine ikufuate. Mjomba angewezaje kujua?"

"Tangu lini?"

"Tangu wimbo wa kwanza. Nilidhani ni uchovu. Halafu ukaanza kuburuta mguu, na vifungo... Nikaogopa kusema, kwa sababu nikisema kitakuwa kweli."

"Ukaniacha nimfukuze mjomba wangu." Chiriku hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Tuli kuliko makelele. "Nikamwaibisha mbele ya watu, na wewe umekaa hapa unashona."

"Mwache mtoto," Mjomba alisema.

"Huyu si mtoto! Washa maiki."

"Dada..."

"Washa, nimesema. Sasa najua. Nikijua sitakosea. Nilikuwa sisikilizi tu."

Akavaa hedifoni mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Mjomba akarudi kwenye kigoda, akaivuta ngoma, akampigia. Hakuna ngoma ya kompyuta ya kumfuata, ni Mjomba na kliki tu, na Tuli akihesabu kwa kidole juu ya meza. Chiriku aliimba kwa uangalifu kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani. Ubeti wa kwanza, sawa. Kiitikio, sawa, na hapo Tuli akaanza kuomba moyoni, mapigo manne tu, Mungu wangu, mapigo manne.

Kwenye ubeti wa pili akaruka. Tena mwishoni mwa ubeti, mapigo mawili. Mjomba hakusimama, alimfuata aliko, akamshika, akamfikisha mwisho.

Chiriku akavua hedifoni. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Haya! Si mmesikia? Safari hii nimenyooka."

Mjomba aliinama akawa anakaza kamba ya ngoma ambayo haikuwa imelegea. Chiriku akamtazama yeye, kisha Tuli, na ule mng'ao ukaanza kumtoka taratibu.

"Nimeruka?"

"Mara mbili, dada."

"Wapi?"

"Ubeti wa pili, mwanzo na mwisho."

Chiriku akakaa juu ya spika, mahali ambapo hakuna mtu aliyeruhusiwa kukaa. Alijaribu kukunja vidole vya mkono wa kushoto, vikakunjika pole pole, kidole cha mwisho kikabaki nyuma. Alikitazama kama cha mtu mwingine.

"Mjomba, nisamehe," alisema.

"Bora ingekuwa mimi," Mjomba alisema. "Nilikwisha kuzoea wazo hilo."

Nje mtu alikuwa anafua, maji yakimwagwa kwenye sakafu ya ua. Chiriku alisikiliza mpaka yakaisha kumwagika.

"Kesho asubuhi tunakwenda hospitali," alimwambia Tuli. "Na daktari akiniuliza panauma wapi, mimi nitamwambia hapaumi popote. Wewe utaingia na mimi."

"Nitaingia."

"Umwambie yote. Ukinifichia humo ndani nitajua."

"Hutajua, dada," Tuli alisema, na maneno yalikuwa yamekwisha kutoka kabla hajayazuia.

Mjomba aliacha kukaza kamba. Chiriku alimtazama mdogo wake, macho yamejaa machozi ambayo hayajamwagika.

"Ndiyo maana nataka uingie," alisema.